Laptopu Imegoma Kuwaka: Maswali ya Wasomaji na Majibu Yake

Barua nyingi za safari hii zinaanza kwa maneno yaleyale: "laptopu yangu haiwaki." Maneno hayo mawili matatu yanaficha magonjwa mengi, na kila moja lina tiba yake. Kuna mashine isiyopata umeme kabisa. Kuna inayopata umeme lakini haimalizi kujikagua. Kuna inayojikagua ikakosa diski, na kuna inayoiona diski ila Windows inakwama njiani. Kabla hujashika bisibisi, tazama imesimamia wapi: taa gani inawaka, feni inazunguka au la, nembo ya kiwanda inatokea au la, na maandishi gani yanabaki kwenye kioo. Waliotuandikia mambo hayo tumewajibu moja kwa moja. Wengine imebidi tuanzie mbali kidogo.

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Jana usiku laptopu ilikuwa nzima. Leo nabonyeza kitufe cha kuwashia: hakuna taa, hakuna feni, hakuna chochote. Nimempelekea fundi mmoja, akaitazama tu na kusema bodi imekufa, ninunue nyingine. Nimwamini?

JIBU: Usimwamini bado. Bodi, yaani kibao kikuu cha ndani chenye chipu, haitangazwi kufa kwa macho, inapimwa. Fuata njia ya umeme kuanzia ukutani.

Anza na chaja. Soma kibandiko chake penye neno OUTPUT. Kwa mfano 19.5V na 3.34A, yaani wati 65. Weka multimita, kifaa cha kupimia umeme, kwenye volti za DC, kipimo cha 200 na si cha 20, kwa sababu chaja za volti 20 hupitiliza kipimo kidogo. Waya mweusi ugusane na ukuta wa nje wa plagi, mwekundu na ukuta wa ndani. Plagi za duara zenye sindano nyembamba katikati huwachanganya watu: mara nyingi sindano hiyo haileti umeme wa kuendesha mashine, ni ya utambulisho tu, ili laptopu ijue chaja ni ya wati ngapi. Ikivunjika au kupinda, laptopu huwaka lakini haichaji betri, na prosesa (chipu kuu inayofanya mahesabu) inaenda polepole. Ukisoma sifuri, au namba inayopandashuka ukitikisa waya, ugonjwa umeupata bila kufungua skrubu hata moja.

Chaja za USB-C hazipimwi hivyo. Ikiwa haijaunganishwa na kitu, chaja ya aina hiyo haitoi volti 20. Laptopu na chaja hukubaliana kwanza ndipo volti zipande kutoka 5 hadi 9, 15 au 20. Kwa hiyo jaribu chaja nyingine yenye wati za kutosha. Chaja ya simu ya wati 18 haiwezi kuamsha laptopu nyingi, na kebo ya kawaida ya ampea 3 inaishia wati 60 hata chaja ikiwa na nguvu zaidi.

Chaja ikiwa nzima, ondoa umeme wote uliobaki ndani. Chomoa chaja, toa betri kama inatoka, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie sekunde 30 hadi 60. Rudisha chaja peke yake, bila betri, uwashe. Hatua hii si ushirikina. Ndani ya kila laptopu kuna chipu ndogo inayosimamia kitufe, betri na chaji, nayo haizimiki kamwe maadamu kuna betri au chaja. Ikiganda, kitufe unachobonyeza hakina wa kukisikiliza. Ukiikata umeme kabisa inaanza upya. Kama betri imefungiwa ndani, mashine nyingine zina tundu dogo chini yake la kusukumia kibanio cha karatasi. Nyingine zinataka ufungue kifuniko na kuchomoa plagi ya betri kwenye bodi.

Ikiwa betri ilikwisha kabisa na mashine ikakaa wiki kadhaa, iache kwenye chaja nusu saa hata kama hakuna taa. Betri iliyoshuka sana huanza kupokea umeme kidogokidogo kwa usalama wake.

Sasa dalili moja muhimu kwa wenye chaja yenye taa. Chomeka chaja kwenye laptopu huku ukitazama taa hiyo. Ikizimika papo hapo na kuwaka tena ukichomoa, kuna shoti ndani: kwenye bodi, au kwenye tundu la chaja lenyewe. Hata hapo bodi haijafa. Mara nyingi chanzo ni kapasita moja ya kauri, ndogo kuliko punje ya mchele, au transista kwenye njia ya volti 19. Fundi mwenye vifaa huipata kwa kupima ukinzani kati ya njia hiyo na ardhi (upande hasi wa bodi), kisha anabadilisha kipande kimoja. Kwa hiyo muulize fundi wako swali hili: umepima wapi, na umesoma ngapi? Asiyekuwa na namba hana haki ya kukuuzia bodi.

SWALI: Nilikuwa na RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 4, nikaongeza nyingine ya GB 8. Tangu hapo feni inazunguka, taa ya kitufe inawaka, lakini kioo ni cheusi. Nimerudisha ile ya zamani peke yake, bado giza. Nimeua mashine?

JIBU: Inawezekana hujaua kitu. Tuamue kwanza kama ni mashine isiyowaka au ni kioo kisichoonyesha. Subiri dakika mbili, kisha bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima kwa kila bonyezo, mashine iko hai na tatizo liko upande wa picha. Isipojibu, imekwama kwenye kujikagua.

Tuseme imekwama. Kwanza kabisa, uvumilivu. Baada ya kubadilisha RAM, mashine huipima upya na kutafuta mwendo unaoifaa. Kwenye DDR5, kizazi kipya cha RAM, kazi hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa huku kioo kikiwa cheusi tii, na wengi huizima katikati, ikaanza tena mwanzo. Iache dakika 10 kabla ya kukata tamaa.

Halafu kagua aina. RAM ya laptopu ya DDR3 ina pini 204, DDR4 ina 260, DDR5 ina 262, na pengo la katikati halikai mahali pamoja, hivyo kuingiza aina isiyo yake ni vigumu bila kutumia nguvu. Mtego uko kwenye DDR3 na DDR3L: zote zina pini 204 na zinaingia vizuri, lakini ya kwanza inataka volti 1.5 na ya pili inatosheka na 1.35. Laptopu iliyotengenezewa DDR3L inaweza kukataa DDR3 ya kawaida kimyakimya, bila ujumbe wowote.

Kwa kuwa hata ya zamani imegoma, tunashuku haijakaa sawasawa, au uliibadilisha wakati umeme bado umo ndani. Chomoa chaja na plagi ya betri. Kitufe cha kuzima hakitoshi, kwa sababu mashine iliyolala bado inapeleka umeme kwenye RAM, na kuichomoa hapo ndiyo njia rahisi ya kuiunguza. Futa meno ya dhahabu kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholoweshwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Puliza vumbi kwenye soketi. Ingiza RAM kwa mlalo wa nyuzi kama 30, isukume hadi meno ya dhahabu yakaribie kutoonekana, ndipo uilaze hadi vibanio vyote viwili vilie "ta". Kibanio kimoja kikilia na kingine kikakaa kimya, RAM imekaa upande, na giza litabaki palepale. Jaribu RAM moja kwenye soketi ya kwanza, kisha ya pili. Halafu ile nyingine vivyo hivyo. Majaribio hayo manne yatakuambia kama mbovu ni RAM au ni soketi.

Usidharau taa zinazopepesa. Hapo mashine inakusemesha. Kwenye laptopu nyingi za Dell za miaka ya karibuni, taa hupepesa rangi ya chungwa mara kadhaa kisha nyeupe mara kadhaa: 2 na 3 ni kwamba RAM haionekani, 2 na 4 ni RAM yenye hitilafu, 2 na 7 ni kioo, 3 na 1 ni betri ndogo ya saa. HP nazo hupepesa kwa utaratibu wao, na nyingine hulia milio. Hesabu mara mbili, andika, kisha tafuta maana kwenye mwongozo wa modeli yako hasa, maana jedwali la modeli moja haliifai nyingine.

Na kama Caps Lock iliitika? Zima taa za chumba, mulika kioo kwa tochi ya simu kwa pembeni. Ukiona picha hafifu, picha ipo ila taa ya nyuma ya kioo ndiyo iliyokufa. Usipoona kitu, unganisha televisheni au skrini nyingine kwa HDMI. Ikionyesha huko, shuku kebo ya kioo inayopita kwenye bawaba. Hukatika kwa kufunguafungua, na dalili yake ni picha kuja na kupotea ukisogeza kifuniko. Jambo moja dogo linalosahaulika: laptopu hujua kuwa imefungwa kwa kuhisi sumaku iliyo kwenye kifuniko. Kava la simu lenye sumaku, au bangili ya saa yenye sumaku, ikikaa pembeni ya kibodi, mashine huamini imefungwa na kuzima kioo. Ondoa kwanza vitu hivyo.

SWALI: Laptopu ilianguka ikiwa imewaka. Sasa inaonyesha nembo, halafu inaandika "No Bootable Device". Nikisikiliza kwa karibu kuna sauti ya "tik, tik". Fundi anasema nipige Windows upya, lakini picha za familia na kazi zangu za miaka mitatu zimo humo.
— Mwalimu

JIBU: Mwalimu, zima mashine hiyo sasa hivi na usipige Windows. Diski ya sahani inayozunguka ina kichwa cha kusomea kinachoelea juu ya sahani kwa umbali mdogo mno kuliko unene wa unywele. Ikianguka ikiwa inazunguka, kichwa kinaweza kugonga sahani. Ile "tik, tik" ni kichwa kinachotafuta njia yake, kinashindwa, kinarudi, kinajaribu tena. Kila dakika inayozunguka hivyo inaweza kukwangua kilichobaki. Kupiga Windows juu yake ni kuandika vitu vipya mahali palipo na picha zako, tena kwa diski isiyoweza hata kusoma.

Kama sauti ni ya mfululizo na BIOS (programu ya ndani inayoamka kwanza mashine ikiwashwa) haiioni diski, usiijaribu nyumbani. Usiifungue wala kuiweka kwenye friji, kama ushauri unaozunguka unavyodai. Unyevu utakaoganda kwenye sahani utamaliza kazi. Hiyo ni kazi ya wanaookoa data wenye chumba kisicho na vumbi.

Kama BIOS inaiona na sauti inakuja mara mojamoja, kuna nafasi ya kuokoa, na pengine ni nafasi moja tu. Itoe diski, iunganishe kwenye kompyuta nyingine yenye Linux, na uchukue nakala ya diski nzima kwa programu ya ddrescue:

ddrescue -n /dev/sdX nakala.img ramani.log

Badala ya sdX weka jina halisi la diski mbovu. Lihakiki kwa amri ya lsblk, kwa ukubwa wake. Faili ya nakala iwe kwenye diski nyingine yenye nafasi inayozidi ukubwa wa ile mbovu. Herufi -n inaiambia programu ichukue kwanza sehemu zinazosomeka na kuacha kung'ang'ania penye makovu. Ukishapata hizo, unarudia amri bila -n kujaribu sehemu ngumu, nayo inaendelea ilipoishia kwa kufuata ile ramani. Picha utazitafuta ndani ya nakala, si ndani ya diski.

Jambo tunaloliona likiharibu data za watu kila mara ni amri ya chkdsk /r kwenye diski inayokufa. Inasoma kila kona ya diski na kuandika marekebisho, yaani inamkimbiza mgonjwa asiyeweza kusimama. Itumie baada ya kuwa na nakala.

Wengine wanne wameandika kuhusu ujumbe huohuo lakini hawakuangusha mashine wala hawasikii sauti. Ninyi ingieni BIOS: kwa kawaida F2 kwenye Dell, Acer na Asus, F10 kwenye HP, F1 kwenye ThinkPad, ukigonga kitufe mfululizo tangu unapowasha. Tafuta jina la diski. Halipo? Chomoa betri, ichomoe diski na kuirudisha, zile ndogo bapa za M.2 hulegea skrubu moja inayozishika. Ukiwa umenunua SSD (diski isiyo na sahani inayozunguka) mpya ya M.2 na haionekani, kagua kama soketi yako inakubali NVMe au SATA, njia mbili tofauti za diski kuzungumza na bodi. Zinafanana umbo, lakini soketi nyingine inapokea aina moja tu. SSD pia hufa bila mlio: inaonekana leo, kesho haipo.

Jina lipo? Basi tazama kama mpangilio wa kuwasha umebadilika. "Windows Boot Manager" iwe ya kwanza, hali iwe UEFI (mfumo mpya wa kuwashia) kama Windows ilipigwa kwa UEFI, na hali ya diski, AHCI au RAID, ibaki ilivyokuwa. Chomoa flashi na diski za nje kabla ya kulaumu chochote. Vikiwa sawa vyote, kilichoharibika huenda ni faili za kuwashia, ambazo kwenye UEFI hukaa katika kipande kidogo cha diski chenye mpangilio wa FAT32, mara nyingi MB 100. Washa kwa flashi ya Windows (GB 8 au zaidi), bonyeza Shift na F10, andika diskpart, kisha list volume. Tambua namba ya kipande hicho na herufi ya kipande chenye Windows, maana humo ndani herufi hubadilika na Windows inaweza kuwa D. Andika select volume na namba yake, assign letter=S, exit. Halafu:

bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Weka D badala ya C ikibidi. Wengi huanza na bootrec /fixboot, wakajibiwa "Access is denied" na kukata tamaa. Kwa mashine za UEFI bcdboot ndiyo njia fupi. Diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda data, utaombwa ufunguo wa tarakimu 48, ambao kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft au kwa mwajiri wako. Uwe nao mkononi kabla hujagusa mipangilio ya BIOS, kwa sababu mabadiliko fulani, mfano kuzima Secure Boot (ulinzi wa kuwasha), huifanya mashine iudai.

SWALI: Kila nikichomoa chaja usiku, asubuhi saa na tarehe zimerudi nyuma miaka, na tovuti zinakataa kufunguka. Ni kirusi?

JIBU: Hapana. Ni betri ndogo ya saa, kwa kawaida CR2032 ya volti 3. Ikiwa mpya husoma 3.0 hadi 3.3, ikishuka chini ya 2.7 hivi, ibadilishe. Tovuti zinakataa kwa sababu vyeti vyao vya usalama vina tarehe, na kwa mashine yako vyeti hivyo bado havijaanza kutumika.

Kwenye laptopu betri hiyo mara nyingi imefungwa kwenye plastiki nyeusi na ina nyaya mbili zenye plagi. Nunua iliyokwisha kuungwa nyaya. Usiichomelee waya mwenyewe, joto la kichomeleo linaweza kuipasua. Kabla ya kuitoa, piga picha kurasa zote za BIOS kwa simu. Mipangilio ikirudi ya kiwandani, hali ya diski inaweza kuhama kutoka AHCI kwenda RAID au kinyume, ukakutana na kioo cha buluu chenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, ukadhani diski imekufa. Ukirudisha hali ya awali, inawaka. Modeli nyingine mpya hazina betri hii, saa yake inategemea betri kuu.

SWALI: Inawaka vizuri, lakini baada ya dakika 15 au 20 inazima ghafla kama imekatwa umeme. Kwenye kumbukumbu za Windows naona "Kernel-Power 41". Nibadilishe nini?

JIBU: Usibadilishe kitu kwa ajili ya namba hiyo. 41 inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuagwa. Haisemi kwa nini. Yanayoshukiwa ni mawili, joto au umeme, na unaweza kuyatenganisha jioni moja.

Weka programu ya kuonyesha joto kama HWiNFO, acha iandike kumbukumbu kwenye faili, tumia mashine hadi izime. Soma mstari wa mwisho. Prosesa ikiwa nyuzi 95 na kupanda, ni joto. Nyingi zina kikomo karibu na 100, na zikikivuka hujizima zisiungue. Mstari wa mwisho ukiwa nyuzi 60, geukia umeme: tumia chaja peke yake betri ikiwa imechomolewa, kisha betri peke yake. Inayozima kwa betri tu ikiwa na asilimia 30 au 40 ina seli iliyochoka. Andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, ulinganishe DESIGN CAPACITY (uwezo wa betri ikiwa mpya) na FULL CHARGE CAPACITY (uwezo wake wa sasa). Ya pili ikiwa chini ya nusu ya ya kwanza, betri imekwisha muda wake.

Kwa joto, kupuliza kutoka nje hakusaidii sana. Vumbi hujifuma kama kipande cha blanketi kati ya feni na mapezi ya kupozea, upande wa ndani, na ukipuliza kutoka nje unalisukuma lirudi kwenye feni. Fungua, chomoa betri, toa feni, livute lile blanketi kwa kibanio. Ukipuliza, shika mabawa ya feni kwa kidole; yakizungushwa kwa kasi yanaharibu beringi.

Ukifika hapo, badilisha pia pesti ya joto, ule ujiuji unaopitisha joto kutoka kwenye chipu. Legeza skrubu za bomba la shaba linalobeba joto kwa kufuata namba zilizochorwa kandoni, kinyumenyume. Futa pesti ya zamani kwa isopropili hadi chipu ing'ae kama kioo. Prosesa za laptopu hazina kifuniko cha chuma, kwa hiyo pesti lazima ifunike uso wote wa chipu, hadi pembeni, kwa tabaka jembamba. Kona moja iliyobaki wazi inaweza kupanda joto peke yake. Kaza skrubu kidogokidogo, 1, 2, 3, 4, kisha rudia. Ukikaza moja hadi mwisho kwanza, bomba linalala upande na chipu inaweza kumeguka. Zile pedi laini za kijivu au buluu juu ya chipu nyingine zina unene maalumu: milimita 0.5, 1 au 1.5. Iliyochanika ibadilishwe kwa unene uleule. Pesti haijazi nafasi ya pedi, na pedi nene kupita kiasi huinua bomba lote lisiguse prosesa.

SWALI: Nilimwagia kinywaji cha sukari kwenye kibodi. Nikaiweka juani, siku ya tatu ikawaka, nikashukuru. Sasa, wiki mbili baadaye, herufi zinajiandika zenyewe na wakati mwingine haiwaki. Kwani haikukauka?

JIBU: Ilikauka, na hapo ndipo tatizo. Maji yaliondoka, sukari na chumvi zikabaki juu ya bodi. Zinafyonza unyevu wa hewa, zinapitisha umeme mahali pasipotakiwa, na pale penye volti shaba inaliwa polepole. Unaona kutu ya kijani au nyeupe. Kadiri unavyoitumia ndivyo inavyoendelea kuliwa, kwa hiyo iache kuitumia leo, hata kama imewaka.

Fungua, chomoa betri kabla ya kitu kingine chochote. Toa bodi, feni na diski. Sugua sehemu zilizochafuka kwa mswaki laini na isopropili ya asilimia 90 au zaidi, hasa chini ya soketi ya kibodi na kandokando ya chipu, urudie hadi spiriti idondoke safi. Acha ikauke saa 24 penye hewa. Kibodi yenyewe, ikiwa tabaka zake zimenyonya sukari, haifai kuhangaishwa, ibadilishe. Kabla ya kuinunua, chomoa kebo yake na tumia kibodi ya USB. Herufi zikiacha kujiandika, umethibitisha.

Kwa ajaye kumwagikiwa kesho: shikilia kitufe hadi izime, chomoa chaja, ifungue kifuniko na uigeuze kama paa la hema, kibodi ikitazama chini. Usiitikise, usiipulizie mashine ya kukaushia nywele, na usiizike kwenye mchele. Mchele hauvuti maji yaliyo chini ya chipu, bali huacha vumbi la wanga.

SWALI: Nikizima na kuwasha, tatizo la sauti linabaki vilevile. Nikichagua "Restart" linakwisha. Si ni kitu kimoja?

JIBU: Si kimoja. Windows 10 na 11 zikizimwa huhifadhi kiini cha mfumo kwenye diski ili ziwake haraka, kwa hiyo dereva (programu inayoendesha kifaa, kama cha sauti) iliyokwama nayo inahifadhiwa ikiwa imekwama. "Restart" huanza upya kabisa. Ukitaka kuzima kwelikweli, shikilia Shift unapobofya "Shut down".

SWALI: Tachipedi imeinuka upande mmoja na haibonyezeki. Naweza kuikandamiza irudi?

JIBU: Usikandamize! Betri iliyo chini yake imevimba kwa gesi. Chomoa chaja, zima mashine, usiichaji tena. Itolewe na fundi leo au kesho bila kuchokonolewa kwa chuma, kwa sababu seli ya lithiamu ikitobolewa huweza kushika moto. Iwekwe mbali na vitu vinavyoungua na ipelekwe panapopokelewa taka za betri, isitupwe kwenye pipa la kawaida. Mashine nyingi zitafanya kazi kwa chaja peke yake hadi upate nyingine.

SWALI: Umeme ulikatika nikiwa katikati ya kusasisha BIOS, na betri ilikuwa mbovu. Sasa taa inawaka sekunde chache na kuzima, inarudia hivyohivyo. Nimesoma kwamba nipakue BIOS ya mashine inayofanana niiflashi (niiandike kwenye chipu). Nifanyeje?

JIBU: Anza na njia ya kiwanda. Kwenye kompyuta nyingine, pakua BIOS ya modeli yako hasa kutoka tovuti ya mtengenezaji, uitayarishe kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32 kama mwongozo wake unavyoagiza, kwani jina la faili na folda vina maana. Kwenye HP nyingi, chomeka chaja na flashi, shikilia kitufe cha Windows pamoja na B, bonyeza cha kuwashia sekunde 2 hadi 3, ukiachie huku ukiendelea kushikilia vile viwili. Kwenye Dell nyingi, shikilia Ctrl na Esc, kisha chomeka chaja. Kioo kinaweza kubaki cheusi dakika kadhaa. Usiguse kitu.

Ikishindikana, fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu ataisoma ile chipu ya miguu 8 iliyobeba BIOS. Msisitizie mambo mawili. Kwanza, ahakikishe volti ya chipu: nyingi ni 3.3, lakini nyingine ni 1.8, na volti 3.3 juu ya hiyo inaweza kuiua. Pili, kabla hajaandika chochote, asome yaliyomo mara mbili, alinganishe faili mbili hizo, na kuzihifadhi. Humo ndani mara nyingi mna namba ya utambulisho wa mashine yako, ufunguo wa leseni ya Windows na mipangilio ya chipu kuu. BIOS ya mashine ya mwenzio ikiandikwa nzimanzima inafuta hayo yote. Fundi anayejua kazi atabadilisha sehemu iliyoharibika tu na kurudisha zako mahali pake.